EL84 nne na ECC83 tatu: nichague JJ, Sovtek, Mullard mpya au Mullard ya zamani?

SanturiUnyanyembe (Tabora)

Ndugu zangu wapenzi wa muziki na mafundi, nawasalimu.

Ninayo amplifaya ya stirio ya valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) iliyotengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nimekabidhiwa na baba yangu mkubwa, aliyekuwa mtumishi wa reli hapa Tabora, pamoja na santuri zake, nyingi zikiwa za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na bendi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila chaneli ina EL84 mbili za kutoa nguvu. ECC83 moja ipo mwanzoni na inatumiwa na chaneli zote mbili, nusu kwa nusu. ECC83 nyingine mbili zinagawa mawimbi kwa ajili ya zile EL84, moja kwa kila upande. Umeme wa moja kwa moja unatengenezwa na GZ34 moja. Kila EL84 ina rezista yake ya kathodi ya omu 270, na transfoma ina kichagua volti chenye nafasi mbili, 220 na 240. Kwa sasa kimewekwa kwenye 220, kama kilivyokuwa nilipokabidhiwa.

Sauti ya chaneli ya kulia huanza kukwaruza baada ya amplifaya kupata moto, na nikizima taa ya chumbani naona bati la anodi, yaani lile bati la ndani linalopokea mkondo, la valvu moja ya upande huo linaanza kuwa jekundu. Nimeamua kubadilisha valvu zote. Nikitafuta mtandaoni nakuta majina mengi: JJ ya Slovakia, EL84M ya Sovtek, Electro-Harmonix, Mullard zinazotengenezwa sasa, valvu za Kichina za Shuguang, na Mullard za zamani ambazo bei yake ni mara kadhaa ya hizo nyingine. Vilevile kuna mtu hapa mjini mwenye sanduku la valvu zilizotolewa kwenye televisheni za zamani, naye ananiuzia PL84 kwa bei ndogo sana, akisema kwamba ni sawa na EL84.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Ninachotafuta ni sauti ya mwimbaji iliyojaa na magitaa yasiyochoma masikio, na zaidi ya hapo ninataka valvu zitakazodumu, kwa sababu kuagiza kutoka nje hadi Tabora ni gharama na ni muda mrefu. Umeme wa nyumbani kwangu nimeupima kwa mita: kati ya saa moja na saa tatu usiku hushuka hadi volti 210, na baada ya saa nne, watu wanapolala, hupanda hadi 246.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu, umefanya vema kutoa vipimo, kwa sababu vipimo hivyo vinajibu sehemu kubwa ya swali lako kabla hatujafika kwenye majina ya viwanda.

Nianze na hiyo PL84, kwa kuwa ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi. Katika majina ya valvu za Ulaya herufi ya kwanza hueleza hita, yaani uzi wa ndani unaoipasha moto kathodi, sehemu inayotoa mkondo wa valvu. E ni hita ya volti 6.3, na P ni hita iliyokusudiwa kuunganishwa kwa mfululizo kwenye mkondo wa miliampea 300, kama ilivyokuwa desturi ya televisheni. PL84 inahitaji volti 15 kwenye hita. Ukiichomeka kwenye amplifaya yako itapata volti 6.3, kathodi haitapata moto wa kutosha, na utabaki na chaneli dhaifu isiyo na sauti ya maana. Tofauti haiishii kwenye hita, kwani hata sifa zake za ndani si zile za EL84. Mwache muuzaji na sanduku lake, isipokuwa kama ndani yake mna ECC83 au GZ34, ambazo zinafaa kupimwa.

Sasa tuje kwenye kichagua volti. Hita ya EL84 inapaswa kupata volti 6.3, na kuzidi au kupungua kusivuke asilimia 10, yaani ibaki kati ya 5.7 na 6.9. Ukiwa kwenye nafasi ya 220 huku ukutani mna volti 246, hita zako zinapata karibu volti 7.0. Volti ya anodi nayo inapanda kwa kiwango hichohicho, na kwa kuwa mkondo unapanda pamoja nayo, joto linaloachwa kwenye bati la anodi linaongezeka kwa takriban robo nzima. Hakuna valvu ya jina lolote, iwe mpya au ya mwaka 1962, itakayodumu katika hali hiyo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhamisha kichagua volti kwenda 240, amplifaya ikiwa imechomolewa kabisa ukutani. Jambo la pili ni kupata stabilaiza nzuri inayotoa volti 230, kwa sababu ukiwa kwenye 240 na umeme ukashuka hadi 210, hita zitapata volti 5.5 tu, na kathodi inayofanyishwa kazi ikiwa na moto mdogo huharibika polepole. Volti 230 kwenye nafasi ya 240 zitakupa 6.0 kwenye hita, na hapo valvu inastarehe. Kile kifaa kidogo cha kukinga friji hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa hukata umeme tu unapozidi au kupungua bila kuusawazisha.

Jambo la tatu ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Bati la anodi kuwa jekundu kwenye valvu moja, wakati tatu nyingine ziko salama, ni dalili kwamba valvu hiyo inapitisha mkondo mwingi kupita kiasi. Sababu inaweza kuwa valvu yenyewe, na inaweza pia kuwa kapasita (kifaa kinachopitisha mawimbi ya sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja) inayoleta mawimbi kwenye gridi yake, yaani wavu unaoongoza mkondo wa valvu, ikiwa imezeeka na kuanza kuvujisha umeme wa moja kwa moja. Ukiweka valvu mpya juu ya kapasita inayovuja, valvu mpya itakuwa nyekundu vilevile. Vipimo vya kufanya ni hivi. Washa amplifaya ikiwa imeunganishwa na spika zake, iache ipate moto, kisha pima volti kati ya pini namba 3 ya kila EL84, ambayo ni kathodi, na chasisi. Gawanya jibu kwa 270, utapata mkondo wote wa valvu. Ukipata volti 10, mkondo ni miliampea 37. Toa kama 4 zinazokwenda kwenye gridi ya skrini, zinabaki 33 za anodi. Kama pini namba 7, yaani anodi, ina volti 310, ondoa zile 10 za kathodi, uzidishe 300 kwa 0.033: unapata wati 9.9. Kikomo cha EL84 ni wati 12, kwa hiyo hapo uko salama.

Halafu pima pini namba 2, ambayo ni gridi. Inapaswa kuwa sifuri au karibu sana na sifuri. Ukiona volti chanya, zima, iondoe valvu hiyo, washa tena kwa muda mfupi na pima upya mahali palepale kwenye soketi. Volti ikibaki, kapasita ndiyo inayovuja. Ikitoweka, valvu ndiyo mbovu, mara nyingi kwa sababu ina mabaki ya gesi ndani yake.

Tafadhali zingatia kwamba ndani ya amplifaya hiyo mna zaidi ya volti 300 za kuua, na kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Funga ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi kwa klipu, tumia mkono mmoja tu, na mwingine uweke mbali na chuma. Kama hujazoea kazi hii, mpelekee fundi mwenye umri wa kutosha kuwa amewahi kutengeneza redio za valvu. Hapo Tabora naamini hawajaisha.

BiMkubwa_Isevya (Tabora)

Fundi wa Mwanga amesema kweli tupu, nami nakuomba usiagize chochote kabla ya kupima. Hata hivyo uliuliza kuhusu sauti, na hilo nalo ni swali halali linalostahili jibu, maana kuna mafundi wanaosema kwamba EL84 zote ni sawa madhali zinawaka. Haziko sawa. Tofauti zipo, ingawa ni ndogo kuliko wanavyodai wauzaji.

Nimekuwa nikisikiliza amplifaya za EL84 tangu nikiwa mwalimu kijana, na za siku hizi ninazozifahamu vizuri ni hizi. JJ, inayotengenezwa Čadca nchini Slovakia na kampuni iliyorithi mitambo ya Tesla ya Chekoslovakia, ina besi nene na sehemu ya juu iliyotulia. Kwa santuri zilizochakaa, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ambazo zimepigwa kwenye kila harusi, tabia hiyo ni neema, kwa sababu mikwaruzo haijitokezi sana. Electro-Harmonix, ambayo hutengenezwa Saratov nchini Urusi, ni angavu zaidi. Matoazi na magitaa ya sebene yanasikika moja moja, lakini tarumbeta iliyorekodiwa vibaya itakuchosha haraka. EL84M ya Sovtek inatoka mji huohuo wa Saratov, na imejengwa kwa uimara, ikisimama kwenye mfuatano wa valvu za kijeshi za Kisovieti za 6P14P zilizokusudiwa kudumu. Masikioni mwangu ni kavu kidogo katika sauti ya mwimbaji, hasa inapokuwa mpya.

Hizo zinazoandikwa Mullard siku hizi hazitoki Uingereza. Jina lilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani inayomiliki kiwanda cha Saratov, na valvu zinatengenezwa humo humo. Si valvu mbaya. Katikati ya sauti ni laini kuliko Electro-Harmonix, na mwimbaji anasogea mbele. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoacha mnunuzi aamini kwamba anapata kazi ya Blackburn. Mullard ya kweli ya Blackburn, Lancashire, ina namba ndogo zilizochorwa kwenye kioo karibu na pini, na katika mstari wa chini herufi B husimamia kiwanda hicho. Alama ya rangi ya jina hufutika kwa kidole na huigizwa kwa urahisi; zile namba za kwenye kioo ni ngumu zaidi kughushi. Kama utapata nne zilizopimwa na mtu unayemwamini, nunua, kwa kuwa sijasikia EL84 inayoimba kama hizo. Usipopata mtu wa namna hiyo, fedha yako itapotea kwenye valvu zilizotolewa kwenye redio baada ya kutumika miaka mingi, zikasafishwa na kutiwa kwenye boksi jipya. Lile doa la fedha ndani ya kioo halikuambii umri wa valvu. Linakuambia jambo moja tu: likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Nakupa pia namna ya kulinganisha ili usidanganywe na masikio yako mwenyewe. Valvu moja ikitoa sauti kubwa kidogo kuliko nyingine, utaiona bora, hata kama ubora wake ni uleule. Chagua santuri moja unayoijua neno kwa neno, weka wimbo uleule, na kwa kila jozi sawazisha kiwango cha sauti: pima kwa mita volti za mawimbi kwenye waya za spika ukipiga mlio mmoja usiobadilika, halafu rekebisha hadi zilingane. Wape valvu muda wa kupata moto kabla ya kuhukumu. Mwombe mtu mwingine abadilishe bila kukwambia ipi imewekwa. Sikiliza mwimbaji kwanza, halafu gitaa la besi, halafu mwisho ndio usikilize matoazi. Wengi huanza na matoazi, na kwa sababu hiyo huchagua valvu angavu ambazo baada ya mwezi zinawachosha.

SanturiUnyanyembe (Tabora)

Shikamoo mama, na wewe Fundi wa Mwanga nakushukuru sana.

Nimehamisha kichagua volti kwenda 240, na nimeazima stabilaiza inayotoa volti 230. Kisha nimekwenda kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio, tukapima pamoja. Anodi za EL84 zote zina volti 306 hivi. Kathodi za valvu mbili za kushoto zina 9.8 na 9.7, ile nzima ya kulia ina 10.0, na ile inayokuwa nyekundu ina 13.4. Kwenye gridi yake tulikuta volti 5 chanya. Tulipoiondoa valvu na kuwasha kwa muda mfupi, volti hizo hazikutoweka.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, ninalazimika kununua EL84 nne zilizolinganishwa, au jozi mbili zinatosha? Na kuhusu ECC83, nimeshauriwa kwamba nikiweka ECC82 au ECC81 mahali pake sauti itakuwa tamu zaidi kwa kuwa ina nguvu ndogo. Je, ni kweli?

BiMkubwa_Isevya (Tabora)

Marahaba mwanangu. La ECC83 nawaachia mafundi, ila msalimie huyo mzee na umwombe asitupe vifaa vyake.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Basi jibu liko wazi: kapasita inavuja. Volti 13.4 ukigawa kwa 270 ni miliampea karibu 50, na ukifanya hesabu ileile, bati la anodi linabeba karibu wati 13 wakati kikomo ni 12. Badilisha kapasita zote nne zinazoingia kwenye gridi za EL84, si hiyo moja tu, kwa sababu zimezeeka pamoja na nyingine zitafuata. Chukua zenye uwezo uleule ulioandikwa juu yake, za plastiki ya poliesta au polipropileni, zinazohimili volti 400 au zaidi; volti 630 ni bora na bei yake haitofautiani sana. Huhitaji zile za bei kubwa zenye maandishi ya dhahabu. Kagua pia zile rezista nne za omu 270, kwa sababu iliyopitisha mkondo mwingi kwa muda mrefu huenda imebadilika, pamoja na kapasita zinazokaa sambamba nazo, ambazo hukauka kwa joto.

Kuhusu kulinganisha: jozi mbili zinatosha. Kinachotakiwa ni valvu mbili za chaneli moja zipitishe mkondo unaokaribiana, kwa sababu mikondo hiyo hupita pande mbili za transfoma ya kutolea sauti na kufutana ndani ya chuma chake. Tofauti ikiwa kubwa, chuma kinabaki na usumaku wa upande mmoja, na kinachopotea kwanza ni besi. Kushoto kukizidi kulia kidogo, hakuna atakayesikia. Tena amplifaya yako ina bahati ya kuwa na rezista ya kathodi kwa kila valvu, hivyo valvu inayotaka kupitisha mkondo mwingi hujizuia yenyewe kwa kiasi.

Kwa mazingira yetu, pochi yangu ingekwenda kwa JJ au EL84M. Wati zako 9 hadi 10 kwenye anodi haziziumizi hata kidogo. EL84M ningeipa nafasi ya kwanza kama usingepata stabilaiza, kwa kuwa inavumilia volti za juu kuliko EL84 ya kawaida. Ukiwa na stabilaiza, chagua kwa sikio, na kwa santuri ulizozitaja nakubaliana na mama kwamba JJ itakufaa. Za Shuguang zimewahi kunipa valvu nzuri na nyingine zisizolingana hata ndani ya boksi moja; sizikatai, lakini hazifai kuagizwa na mtu asiyeweza kuzirudisha kwa urahisi.

Mpenda Rumba (Ujiji)

Naomba nijibu hilo la ECC82 na ECC81, kwa sababu ushauri huo umeenea na unaharibu amplifaya nyingi zilizo nzima.

Ni kweli valvu zote tatu zina pini tisa zilizopangwa vilevile, na hita zake zinaunganishwa kwa namna moja, kwa hiyo zinaingia kwenye soketi na zinawaka. Lakini ECC83 ina uwezo wa kukuza wa 100, ECC81 una takriban 60, na ECC82 hauzidi 20. Zaidi ya hapo, ECC82 imekusudiwa kupitisha mkondo mkubwa zaidi, wakati rezista zilizo kwenye amplifaya yako zilichaguliwa kwa ajili ya mkondo mdogo wa ECC83. Ukiibadilisha, volti zote za hatua hiyo zinahama kutoka mahali pake.

Liko pia suala la mrejesho hasi. Amplifaya za aina hiyo huchukua sehemu ya mawimbi kutoka kwenye transfoma ya kutolea sauti na kuyarudisha mwanzoni ili kupunguza upotoshaji. Mrejesho huo unafanya kazi kwa kutegemea ukuzaji wa ziada uliopo ndani. Ukipunguza ukuzaji, mrejesho unadhoofika, upotoshaji unaongezeka, na spika zinakosa kushikwa sawasawa katika besi. Wapo wanaoisikia hali hiyo na kuiita utamu. Mimi naona ni haki yao, lakini si sauti ambayo mhandisi aliikusudia, na wala si ile aliyoisikia baba yako mkubwa. Kama kweli unataka kupunguza kidogo, ipo valvu ya Kimarekani iitwayo 5751, yenye uwezo wa 70. Nayo ni kwa ile ECC83 ya mwanzoni tu. Zile mbili za kugawa mawimbi ziache kama zilivyo.

Hata hivyo sioni sababu ya kubadilisha ECC83 zako kabisa. Hizi huchoka polepole sana zikilinganishwa na EL84. Zikague hivi: amplifaya ikiwa imewaka na bila muziki, gonga kila moja taratibu kwa penseli ya mbao. Ikitoa mlio wa kengele kwenye spika, viungo vyake vya ndani vimelegea. Kisha sikiliza kama kuna mvumo au sauti ya kukaangika. Tatizo likiwa upande mmoja, badilishana zile mbili za kugawa mawimbi, kulia kwenda kushoto. Tatizo likihama, umempata mkosaji. Likibaki palepale, iangalie ile ya mwanzoni, kwa sababu nusu yake moja inaweza kufa huku nyingine ikiendelea kufanya kazi, na njia nyepesi ya kuijaribu ni kuazima ECC83 nzima na kuiweka hapo. Inawezekana kabisa zilizomo ni za Blackburn au za viwanda vingine vizuri vya zamani. Usizitupe wala usimpe yule mwenye sanduku kwa kubadilishana.

Mwisho, GZ34. Hiyo nayo, kama ni ya zamani na inafanya kazi, iache. Ukilazimika kubadilisha, 5AR4 ni valvu ileile kwa jina la Kimarekani. Usiweke 5U4, kwa sababu hita yake inataka ampea 3 wakati GZ34 inataka 1.9, na transfoma yako haikuandaliwa kubeba mzigo huo. Na kama mzee wenu atabadilisha ile kapasita kubwa ya kwanza baada ya GZ34, isizidi mikrofaradi 60. Mafundi wengi hudhani kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi, wanaweka 220, na kila amplifaya inapowashwa valvu inalipa gharama kwa cheche za ndani.

SanturiUnyanyembe (Tabora)

Nimewaelewa wote vizuri. Nitaanza na kapasita nne za poliesta za volti 630 na kupima rezista za kathodi, halafu nitaagiza jozi mbili za JJ zilizolinganishwa. ECC83 na GZ34 zinabaki. Tulipozigonga kwa penseli hazikutoa mlio, na moja ina ile herufi B aliyoieleza mama.

Je, kwa kuwa huku Tabora wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, kuna jambo la kufanya kwenye soketi kabla ya kuweka valvu mpya?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Lipo. Huku kwetu ziwa hutuletea kutu, na kwenu ni vumbi, lakini dawa ni moja. Amplifaya ikiwa imezimwa na kapasita zimeishiwa umeme, ondoa vumbi kwa brashi laini, tia dawa ya kusafishia soketi kidogo kwenye kila tundu, kisha chomeka na chomoa valvu ya zamani mara kadhaa taratibu. Kama tundu limelegea na haliishiki pini, libane kidogo kwa sindano nyembamba. Pini zilizopakwa dhahabu hazitasaidia chochote kwenye soketi iliyolegea.

Valvu mpya uzichomeke kwa kuzisukuma wima bila kuzitikisa, maana pini za EL84 zimepita moja kwa moja kwenye kioo na kioo hupasuka hapo. Usiiweke amplifaya ndani ya kabati lenye milango. Acha nafasi ya kutosha juu na pembeni, na ukiifunika kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, subiri ipoe kwanza. Baada ya kuweka JJ, pima tena pini namba 3 na namba 2 za kila valvu siku ya kwanza, na urudie baada ya wiki kadhaa za kusikiliza, kwa sababu valvu mpya hubadilika kidogo mwanzoni. Tuwekee hapa vipimo hivyo ukivipata. Kathodi zote zikiwa kati ya volti 9 na 11 na gridi zikiwa sifuri, rudisha kifuniko cha chini.